Kadi Mbili za Sauti katika Kompyuta Moja ya Linux

Walimu wanaorekodi mazungumzo ya wanafunzi wanajua shida hii: wazungumzaji ni wanne, kadi ya sauti ina matundu mawili ya vipaza sauti, na kadi yenye matundu manane bei yake haishikiki. Wengi wetu hufikiria kuongeza kadi ya pili ya USB. Katika Linux jambo hilo linawezekana bila kununua programu yoyote, ila lina mtego ambao tunakusudia kuueleza hapa.

Kila kadi ina saa yake ya ndani. Tukiziagiza zote mbili zichukue sampuli 48,000 kwa sekunde, kila moja itahesabu kwa saa yake, na saa hizo haziendi sawasawa kabisa. Tuseme zinatofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni. Kila dakika zitaachana kwa milisekunde 3, na baada ya dakika 60 kwa milisekunde 180. Atakayesikiliza rekodi hiyo atadhani mwanafunzi alisita kabla ya kujibu, kumbe ni kadi. Kwa anayetafiti upokezanaji wa zamu katika mazungumzo, data hiyo imekwisha kuharibika.

Kwa hiyo kadi moja lazima iwe kiongozi na nyingine iifuate. PipeWire, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2023, hufanya hivyo yenyewe: huteua kadi ya kuongoza, kisha hurekebisha sampuli za ile nyingine zilingane nayo. Wanaotumia JACK huiongeza kadi ya pili kwa programu ya zita-a2j.

Suala la ucheleweshaji ni jingine, ingawa watu hulichanganya na hili. Sauti hukusanywa kwanza katika bafa, yaani akiba ndogo ya muda. Bafa ya sampuli 1,024 huchukua takriban milisekunde 21, ya 256 milisekunde 5 na kidogo, na sauti huingia kisha hutoka, hivyo muda huongezeka. Anayejisikia masikioni anaposema ndiye anayehitaji bafa ndogo. Tangu miaka ya 1950 inajulikana kwamba mtu akirudishiwa sauti yake ikiwa imechelewa kwa kiasi cha milisekunde 200, hata msemaji hodari hugugumia na kuvuta irabu. Sembuse mwanafunzi anayejitahidi kutenganisha *kura* na *kula*!

Kama ni kurekodi tu, bafa ya 1,024 inatosha. Kukimbilia tarakimu ndogo ni mashindano ya bure, kwani kompyuta ikizidiwa sauti hukatika na kukwaruza. Amri ya pw-top huonyesha kadi inayoongoza, na safu yake ya ERR huhesabu makosa hayo.

Kabla ya kuamini mtambo wenu, pigeni kofi moja mwanzoni mwa rekodi na jingine mwishoni, mbele ya vipaza sauti vyote. Makofi ya mwanzo yakilingana na ya mwisho yakapishana, saa bado ni mbili.