Kazi ya Kaunti, Mfuko wa Taifa: Sera ya Afya Inavyofika Shimoni

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iligawa kazi ya afya mafungu mawili. Jedwali la Nne linaiachia serikali ya kitaifa sera na hospitali kuu za rufaa. Zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti na ambulensi ni jukumu la kaunti 47, zilizoanza kazi mwaka 2013. Kwa hiyo mshahara wa muuguzi wa zahanati ya Shimoni, kijiji cha pwani, na mafuta ya ambulensi ni hesabu ya Kaunti ya Kwale. Bima ya kulipia kitanda katika Hospitali ya Rufaa ya Msambweni hupangwa Nairobi. Ubishi mwingi wa sasa kuhusu afya unatokana na hesabu hizo mbili kutooana.

Bima ndiyo inayozungumzwa zaidi. Sheria za Oktoba 2023 ziliivunja NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali uliokuwapo tangu 1966, na kuunda Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria hizo zilikiuka Katiba kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo; Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba SHA ikaanza kazi. SHA ina mifuko mitatu. Wa afya ya msingi hulipia matibabu ya zahanati na vituo vya afya kwa kila aliyejiandikisha, hata asiyechanga. Mfuko wa bima hulipia hospitali, lakini kwa aliyetoa mchango tu. Mfuko wa tatu ni wa dharura na maradhi ya kudumu au mazito.

Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, naye hahisi uzito wa kulipa kwa mkupuo. Asiye na ajira rasmi hukadiriwa mapato yake kwa maswali kuhusu nyumba na mali, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima mapema. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Ukitazama tarakimu, ni nafuu kuliko shilingi 500 za kila mwezi za NHIF. Ila mvuvi wa Shimoni hapati pesa zake kwa mpango huo. Kaskazi huleta samaki na watalii wa hifadhi ya bahari ya Kisite; kusi ikivuma, bahari huchafuka, vyombo vidogo hubaki ndani ya miamba na mapato hushuka kwa miezi kadhaa. Nyumba ya mawe iliyojengwa na babu yake yaweza kumfanya aonekane ana uwezo, na hali chungu ki tupu. Serikali imeleta mpango wa mkopo, Lipa SHA Pole Pole, ili mchango ulipwe kidogo kidogo. Umepunguza makali, lakini ni deni vilevile, na kusi haisamehe deni.

Jambo zito zaidi ni uzazi. Chini ya mpango wa serikali wa Linda Mama, mjamzito alihudumiwa bila kuchanga. Linda Jamii iliyochukua nafasi yake inamtaka awe amelipa bima kabla ya kujifungua. Mwanamke wa Wasini au Mkwiro, vijiji viwili vya kisiwa kilicho mbele ya Shimoni, akipewa rufaa huanza kwa mashua, kisha gari hadi barabara kuu ya Lunga Lunga, ndipo aelekee Msambweni. Kumwongezea sharti la mchango mwishoni mwa safari hiyo ni kurudi nyuma, hata kama huduma zenyewe zimepanuka.

Kuhusu wafanyakazi, ugatuzi uliwapa magavana madaktari na wauguzi bila kumaliza mzozo wa mishahara: mgomo wa madaktari wa 2016 na 2017 ulidumu siku 100, na wa 2024 siku 56. Chama cha madaktari kimekuwa kikidai tume ya kitaifa ya kuwaajiri, mfano wa ile ya walimu. Magavana wanaiona kama njia ya kuwapokonya mamlaka. Sheria nyingine ya 2023 inaziruhusu hospitali kubaki na pesa zinazokusanywa nazo badala ya kuzipeleka kwanza kwenye hazina ya kaunti. Hilo ni jema, mradi SHA ilipe madai ya hospitali hizo kwa wakati, na ucheleweshaji umelalamikiwa sana.

Lipo pia suala la kitambulisho. Wapemba wa pwani ya Kwale na Kilifi walitambuliwa kuwa raia mwaka 2023 tu, baada ya kuishi miaka mingi bila hati, na bila hati NHIF ilikuwa mbali nao. Mwenye kitambulisho sasa hujiandikisha bure kwa simu, kupitia *147#. Hatua hiyo inamfungulia zahanati. Msambweni bado itamdai mchango.