"Kuku huyu amelala wapi?"

Mavyaa wangu haulizi tena kama chumvi imekolea. Akija kwangu hapa Seeb akakaa kula, kabla hajagusa sahani ananitazama usoni: "Mwanangu, kuku huyu amelala wapi?" Watoto wanacheka. Mimi sicheki, maana swali hilo nimelileta mwenyewe.

Ilikuwa Juni 2016, Ramadhani imeangukia katikati ya joto la Maskati. Baada ya daku nikatoa kuku wawili kwenye friza, wagumu kama mawe, nikawaweka ndani ya sinki wayeyuke. Nikaswali, nikalala kidogo, nikaenda kazini. Kama wengi wetu, wakati wa kutoka nilizima eisi zote ili kubana bili ya umeme. Niliporudi saa tisa alasiri, jiko lilikuwa tanuri. Kuku wamelainika, wamelala ndani ya maji yao mekundu. Nikawaosha, nikawatia viungo, halafu mulemule sinkini, baada ya kupitisha maji mara moja tu, nikaosha nyanya, matango na kotimiri za kachumbari.

Kuku aliiva vizuri na alisifiwa. Siku ya pili jioni mume wangu tumbo, mimi tumbo, na mavyaa, mwenye sukari na umri uliopindukia miaka sabini, anaharisha na kutapika hata hawezi kusimama. Alilazwa siku tatu, dripu mkononi, sukari inapanda na kushuka, na mimi niko kando ya kitanda sijui niseme nini. Watoto wangu watatu hawakuguswa na kitu. Daktari alipouliza kila mmoja alikula nini, ndipo akili ikanijia: watoto walikula wali na kuku, lakini kachumbari hawaitaki hata kuiona. Daktari hakuapa kuwa ni kachumbari. Aliniuliza tu niliiosha wapi. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Mpaka siku ile nilikuwa naamini kwamba barafu inaua. Haiui. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri vijidudu vingi vinalala tu, na kitu kikipata joto vinaamka na kuanza kuzaana. Hali wanayoipenda ni baina ya nyuzi 5 na 60, na mahali pazuri baadhi yao huongezeka mara mbili kila baada ya dakika ishirini hivi. Kuku naye hayeyuki kwa pamoja. Ngozi inapata joto la chumba mapema sana, huku ndani bado ni jiwe la barafu. Ukimshika katikati unasema bado, kumbe nje kazi imeshaanza zamani. Ushauri unaotolewa ni kwamba chakula cha aina hiyo kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, saa moja tu. Kuku wangu walikaa saa kumi.

Wapo wanaosema, "Si moto utaua vyote?" Moto unaua vijidudu, kweli, lakini vipo vinavyoacha sumu ambayo hata ukichemsha haiondoki. Na kachumbari haipiti motoni.

Sisemi kwa kuwalaumu waliotulea. Mama yangu kule Unguja alinunua samaki Darajani asubuhi, adhuhuri yumo chunguni. Friza kubwa iliyojaa nyama ya mwezi mzima ni maisha ya huku, na hakuna aliyetukalisha kitako akatufundisha.

Siku hizi kuku anatoka kwenye friza usiku wa kuamkia siku moja kabla, anaingia kwenye friji, rafu ya chini kabisa, ndani ya bakuli lenye kina ili maji yake yasidondokee kitu chochote. Kuku wa kilo mbili anataka kama mchana na usiku mzima. Nikisahau, namfunga kwenye mfuko usiopitisha maji, namzamisha kwenye maji baridi na kuyabadilisha kila nusu saa. Nusu kilo ya nyama inachukua kama saa moja. Hapa sasa ndipo Oman inatucheza shere: mwezi wa Juni fungua bomba la maji baridi uone, yanatoka kwenye tangi la juu ya paa yakiwa ya kuogea mtoto. Kwa hiyo natia barafu. Maikrowevu pia inafaa, mradi ukishayeyusha unapika papo hapo.

Sambusa za Shaabani hazihitaji haya yote. Zipange kwenye sinia zisigusane, zigande, ndipo uzitie mfukoni. Siku ya kukaanga zinatoka kwenye friza moja kwa moja hadi kwenye mafuta. Ukiziacha ziyeyuke, manda zinalowa na kupasuka.

Halafu kuna masanduku yetu. Kila anayetoka Unguja analeta pweza na kisamvu vilivyofungwa kwenye magazeti. Ndege ni kama saa tano, lakini hesabu na foleni za viwanja vya ndege. Mzigo ukifika bado una chembe za barafu ndani, naurudisha kwenye friza bila wasiwasi. Pweza hata anafaidika, kuganda kunamlainisha. Ukifika vuguvugu, nautupa, na roho inaniuma kweli.

Kutupa tulikuzoea mwaka 2007, kimbunga Gonu kilipopita na umeme ukakatika. Friza iliyojaa ikiachwa imefungwa huhimili kama saa 48, iliyojaa nusu kama 24. Sisi tulikuwa tunaifungua kila baada ya muda kuangalia kama nguru wameyeyuka, na ndivyo tulivyowayeyusha. Tangu hapo naweka ndani kikombe cha maji yaliyoganda, juu yake sarafu ya baisa 50. Nikirudi safari nikaikuta sarafu imezama, najua umeme ulikatika kwa muda mrefu nikiwa sipo, hata kama kila kitu kimeshaganda upya na kinapendeza machoni.

Wiki iliyopita mavyaa alirudi kutoka Unguja. Hakukaa hata kunywa maji. Alifungua sanduku, akatoa pweza, akambonyeza kwa kidole, akanikabidhi.

"Bado ana barafu," alisema. "Kama unampika kesho, alale chini. Na bakuli usisahau."

Kachumbari aliitengeneza mwenyewe.