Je, Wajua? Mmoja akikohoa, wenzake wako njiani

Mbwa anayekohoa kikavu na kutema povu jeupe, kama aliyekwamwa na mfupa, mara nyingi hana mfupa wowote kooni. Huenda ni kikohozi cha mabandani, ambacho kisababishi chake kikuu kimojawapo ni bakteria Bordetella bronchiseptica, wa jamii moja na wa kifaduro. Dalili huchukua siku 2 hadi 14 kujitokeza, kwa hiyo ukimtenga mgonjwa leo, huenda wenzake wameshaambukizwa. Mtenge hata hivyo, na bakuli lake la maji asishiriki na mwingine. Mvue mkanda wa shingoni; koo likibanwa kidogo tu, kikohozi huanza upya. Wengi hupona ndani ya wiki 3. Akikataa chakula au akihema kwa shida, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.