Mpishi wa Pilau Hakushiba, Amekinai

Zunguka uani kwenye nyumba yenye harusi, mchana unapokaribia. Masufuria yako juu ya mafiga, vitunguu vimeshaanza kuiva kwenye mafuta, na mtaa mzima unajua. Watoto hawaondoki karibu. Jirani amepita mara ya tatu akiuliza kama kuna kazi ya kusaidia. Anayeonekana kutojali ni mmoja tu, naye ni mpishi. Pilau ikishapakuliwa ataletewa sahani iliyojaa, atakula matonge mawili, kisha ataomba chai ya rangi. Watu husema amechoka. Amechoka kweli, lakini sababu kubwa zaidi iko puani mwake.

Harufu ni chakula chenyewe, katika chembe ndogo mno zinazopeperuka hewani. Kitunguu kibichi hakina harufu ile ya pilau. Lazima maji yake yakauke kwanza, joto lipande, ndipo sukari na asidi amino zilizomo ziungane na kuzaa rangi ya kahawia pamoja na mamia ya chembe mpya zenye kunukia. Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza tukio hilo mwaka 1912, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Ndilo linalofanya kazi kwenye mshikaki, kwenye ukoko wa mkate na kwenye buni inayokaangwa. Halafu mpishi anatia bizari, iliki na mdalasini. Viungo hivi huachia harufu yake kwa urahisi ndani ya mafuta ya moto, na ndiyo maana hukaangwa kabla ya kutiwa maji.

Chembe zikifika juu kabisa ndani ya pua hukutana na vipokezi. Linda Buck na Richard Axel wa Marekani waligundua jeni zinazovitengeneza mwaka 1991, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo, na kila harufu hugusa kadhaa kwa pamoja. Ubongo husoma mchanganyiko huo kama sisi tunavyosoma neno kutokana na herufi zake. Njia inayotoka puani huingia karibu moja kwa moja kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kumbukumbu, ndiyo maana harufu ya samli inaweza kukurudisha jikoni kwa bibi kabla hujakumbuka hata jina la mtaa.

Jaribu hili ukiwa nyumbani. Changanya sukari na mdalasini wa unga, ziba pua, weka kidogo ulimini. Utapata utamu tu. Achia pua: mdalasini unatokea ghafla, kana kwamba umetiwa sasa hivi. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha hupanda kutoka kinywani kwenda puani kwa njia ya nyuma ya koo.

Na mwili hausubiri tonge la kwanza. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Nobel mwaka 1904 kwa kuchunguza mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kwamba mbwa wake walitoa mate na maji ya tumboni hata pale ambapo chakula hakijafika tumboni. Nasi ndivyo tulivyo. Njaa nayo huzidisha, kwani homoni ya njaa iitwayo ghrelini humfanya mtu avute hewa ya harufu kwa nguvu zaidi. Aliyefunga Ramadhani anajua vitumbua vya jirani vinavyonukia jioni.

Katika hekaya za Abunuwasi yupo tajiri aliyemshtaki maskini kwa kunusa harufu ya kitoweo chake, na Abunuwasi akamlipa kwa mlio wa fedha. Kisayansi, tajiri alikuwa na chembe ya ukweli: kitu chake kiliingia kweli puani mwa yule maskini. Lakini hukumu ilikuwa ya haki, maana harufu haishibishi.

Haishibishi, ila hukinaisha. Hapa Kiswahili kilitangulia maabara, kwa sababu sisi tuna maneno mawili: kushiba ni kwa tumbo, kukinai ni kwa hamu. Mtafiti Mwingereza Edmund Rolls na wenzake waligundua kwamba mtu akila chakula kimoja, au hata akikinusa tu kwa muda unaokaribia ule ambao kingekaa kinywani wakati wa mlo, harufu ya chakula hicho humpungukia uzuri, huku vyakula vingine vikibaki vitamu. Mwaka 1985 walichapisha matokeo kutoka kambi ya wakimbizi nchini Ethiopia: waliokula vyakula vilevile kwa miezi waliviona vimepungua utamu kuliko vyakula vipya. Kwa maoni yangu, kila anayepanga msaada wa chakula angepaswa kulijua hilo.

Mpishi wetu amekaa juu ya mvuke wa pilau kwa saa nzima au zaidi. Mletee embe, utaona anavyolila.

Muda ndio unaoamua. Dipayan Biswas na Courtney Szocs walichapisha Marekani, mwaka 2019, jaribio la mkahawa wa shule. Siku iliyotawaliwa na harufu ya piza, vyakula visivyo vya afya vilikuwa takriban asilimia 21 ya vilivyonunuliwa. Siku ya harufu ya tufaha, takriban 37. Lakini walipowapa watu harufu ya biskuti kwa chini ya nusu dakika, walivutika kuzichagua. Ilipozidi dakika mbili, mvuto ulipungua. Anayepita haraka mbele ya kibanda cha chipsi yuko katika ile nusu dakika ya hatari.

Wapo waliopoteza kabisa mlango huu wa fahamu. Uviko-19 uliwaondolea wengi uwezo wa kunusa, na uzee huupunguza polepole. Mzee akisema chakula hakina ladha, usimlaumu aliyepika wala usiongeze chumvi, ambayo inaweza kumpandisha presha. Ongeza tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na giligilani, na umpakulie kikiwa bado cha moto, mvuke ukipanda. Akiacha kunusa ghafla, mpeleke kwa daktari.