Wembe wa Chuku Usipite kwa Watu Wawili



Asubuhi moja mzee mmoja aliletwa kwenye zahanati yetu kwa baiskeli. Mwanawe alikuwa anaisukuma. Mzee alikaa nyuma, ameshika tandiko kwa mikono miwili. Hakuweza kutembea hatua kumi bila kushikwa.

"Shikamoo baba," nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mgongo umenishinda."

Nilimwomba avue shati. Mgongo wake ulikuwa na alama za duara, kila moja kubwa kama mdomo wa kikombe. Nilizihesabu. Zilikuwa 19. Ndani ya kila alama kulikuwa na chale ndogo ndogo za wembe.

"Umepigwa chuku mara ngapi, baba?"

"Nilianza wakati wa kupanda. Sasa tunavuna. Nikipigwa chuku napata nafuu siku mbili, kisha maumivu yanarudi."

Nilimwuliza mambo mengine. Usiku alitokwa jasho jingi. Jioni mwili ulikuwa na homa. Alikuwa amekonda, na miguu imeanza kufa ganzi. Nilipopapasa mgongo wake niliona mfupa mmoja umejitokeza kama kinundu.

Tulimpeleka hospitali ya wilaya. Alipigwa picha. Ilionekana kwamba ana kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Watu wengi wanadhani kifua kikuu hukaa kifuani tu. Sivyo. Vijidudu vyake huweza kuingia hata ndani ya mifupa na kuila. Chuku haiwezi kuviua. Dawa za kuviua zipo, na katika nchi yetu hutolewa bure.

Mzee huyo alimeza dawa kila siku kwa muda wa mwaka mmoja. Sasa anatembea kwa mkongojo. Lakini kinundu hakikuondoka, na shamba lake analimiwa na mwanawe. Kama angekuja wakati wa kupanda, huenda leo angeshika jembe mwenyewe.

Je, nasema chuku ni mbaya, tuiache? Hapana. Tafadhali soma mpaka mwisho.

CHUKU NI NINI?

Kupiga chuku, au kuumika, ni tiba ya siku nyingi. Wazee wetu waliijua. Fundi wake huitwa mwumishi. Huchukua pembe ya ng'ombe iliyotobolewa kwenye ncha. Huweka mdomo wa pembe juu ya ngozi, huvuta hewa kwa kinywa kupitia lile tundu, kisha huliziba kwa nta. Ngozi huvutwa juu ndani ya pembe. Damu hukusanyika mahali hapo.

Hiyo ni chuku kavu. Kuna na chuku ya damu. Mwumishi huondoa pembe, huchanja ngozi kwa wembe, kisha huirudisha pembe ili ivute damu.

Waislamu huiita tiba hii hijama. Wachina nao wanayo tangu zamani. Wengine hutumia vikombe vya kioo vilivyopashwa moto ndani. Siku hizi kuna vikombe vya plastiki vyenye pampu ndogo. Mwaka 2016, katika michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, mwogeleaji wa Marekani, Michael Phelps, alionekana na alama za chuku mabegani. Basi usione haya ukiwa nazo. Huna ushamba wowote.

Wataalamu wameichunguza tiba hii. Baadhi ya watu wenye maumivu ya shingo na mgongo hupata nafuu kwa muda. Lakini nafuu si kupona. Chuku haiui vijidudu vya malaria, wala vya kifua kikuu, wala haiungi mfupa.

DAMU NYEUSI SI DAMU CHAFU

Watu husema, "Tazama damu iliyotoka! Nyeusi, nzito! Ilikuwa damu chafu." Mimi leo sitaki kupiga chuku ya maneno. Nitasema kama ilivyo.

Damu iliyokaa ndani ya pembe huganda. Ikiganda huwa nyeusi na nzito. Chinja kuku, acha damu yake kwenye bakuli, kisha itazame baadaye. Utaona jambo hilo hilo. Kazi ya kusafisha damu mwilini hufanywa na ini na figo, usiku na mchana.

Damu inayotoka ni ile ile unayoihitaji. Malaria hupunguza damu. Minyoo ya safura hunyonya damu. Mama hupoteza damu anapojifungua. Mtu wa namna hiyo akipigwa chuku ya damu mara kwa mara, tunamwongezea upungufu. Ukiona viganja vyeupe, unachoka upesi na moyo unakwenda mbio, usitoe damu. Nenda zahanati ukapimwe.

HATARI IKO WAPI?

Hatari kubwa iko kwenye wembe. Wembe ukimchanja mtu hubaki na damu, hata kama huioni kwa macho. Ukimchanja mtu wa pili, damu ya yule wa kwanza huingia kwake.

Kwa njia hiyo mtu anaweza kupata virusi vya UKIMWI. Anaweza kupata pia homa ya ini aina ya B. Virusi vya homa hii vina nguvu sana. Katika tone la damu lililokauka vinaweza kuishi siku 7. Huweza kuharibu ini polepole kwa miaka mingi, na mtu hajui kwamba anaumwa.

Hatari nyingine ni pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na samadi. Pembe iliyowekwa chini, au wembe uliochomekwa ukutani, huweza kuvipeleka ndani ya chale.

KUKANDA NA KUCHUA

Kukanda kwa maji ya moto na kuchua kwa mafuta ni tiba nzuri ya misuli iliyochoka. Mtu aliyelima kutwa nzima, au mama aliyebeba kuni, hupata nafuu. Misuli hulegea, na usingizi huja.

Pima joto la maji kwa kiwiko kabla ya kumkanda mwenzako. Mwenye ukoma au kisukari huenda asisikie joto miguuni, na anaweza kuungua bila kujua.

Lakini usichue katika hali hizi:

Mfupa uliovunjika. Ukiuchua, ncha zake hukata nyama na mishipa.

Jipu au tambazi. Ukikamua usaha ndani kwa ndani, huweza kuingia katika damu.

Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye maumivu na joto. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukiuchua, pande la damu huweza kung'oka likaenda kwenye mapafu, na mtu akafa.

Tumbo linalouma sana ghafla. Huenda ni kidole tumbo, au utumbo umejisokota.

Tumbo la mjamzito. Wako wanaolikanda ili kumgeuza mtoto. Kondo la nyuma huweza kubanduka, mama akatokwa damu nyingi, na mtoto akafa. Mtoto akiwa amekaa vibaya, mama apelekwe kliniki.

SINDANO ZA KICHINA

Madaktari wa China walifika Zanzibar mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968. Watu wetu wengi walisikia kwanza habari za tiba ya sindano kwa sababu yao.

Sindano hizi si kama zile za zahanati. Ni nyembamba sana. Hazina tundu wala dawa ndani yake. Mganga huzichoma mahali maalumu mwilini, akaziacha kwa muda, mara nyingi dakika 20 mpaka 30, kisha huzichomoa. Wachina wametumia tiba hii kwa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliiweka katika orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia.

Uchunguzi umeonyesha kwamba baadhi ya watu wenye maumivu ya muda mrefu ya mgongo, magoti au kichwa hupata nafuu. Lakini sindano nayo ni chuma kinachoingia mwilini. Lazima iwe mpya, itoke katika pakiti iliyofungwa mbele ya macho yako, itumike kwa mtu mmoja, kisha itupwe. Mtu asiye na ujuzi huweza kutoboa pafu. Kwa hiyo uliza cheti chake. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na kuna Baraza linalosajili waganga.

NILIKWENDA KWA MWUMISHI

Baada ya yule mzee kupelekwa hospitali, nilikwenda kwa mwumishi wa kijiji. Nilipiga hodi, nikakaribishwa kigoda.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kunifungia kazi?"

"Hapana babu. Nimekuja kujifunza. Nionyeshe vyombo vyako."

Alinionyesha pembe tano, safi kwa macho. Kisha alichomoa wembe kwenye nyasi za paa.

"Huu unatumika kwa wangapi?"

"Kwa wote, mpaka uishe makali. Lakini naupitisha motoni."

Nilimweleza kwamba kuupitisha wembe motoni mara moja hakutoshi kuua virusi vyote. Nilimweleza habari ya damu iliyokauka. Kisha nikamwambia jambo moja ambalo hakulitegemea.

"Babu, wewe mwenyewe uko hatarini kuliko wagonjwa wako. Unavuta pembe yenye damu kwa kinywa chako. Kila siku."

Alinyamaza. Akaitazama ile pembe kwa muda mrefu.

"Miaka yote hii, mbona hakuna aliyenijia?" aliuliza.

Sikuwa na jibu. Ni kweli. Sisi wa zahanati tulikuwa tunamsema, lakini hatukwenda kuzungumza naye. Kosa hilo lilikuwa letu. Nilimwomba radhi.

Tulikubaliana mambo. Yeye alikubali kupiga chuku kavu kwa kawaida. Atakayetaka chuku ya damu aje na wembe mpya katika karatasi yake, na awe na vikombe vyake vyenye pampu. Kinywa kisitumike tena kwenye damu. Mwumishi avae glavu. Nami nilimshauri apime damu yake, naye alikuja siku ya tatu. Majibu ni yake, siyaandiki hapa.

Jambo la mwisho lilikuwa maswali. Kabla ya kushika pembe, humwuliza kila mgonjwa: Una homa? Umekonda? Miguu ina ganzi? Uliumia? Una mimba? Akijibu ndiyo hata kwa moja, humwambia aende zahanati kwanza.

Wiki chache baadaye, kijana mmoja alikuja kwetu akiwa na homa kali, kichwa kinauma, na shingo imekakamaa.

"Babu wa chuku amekataa kunigusa," alisema. "Ameniambia nikimbie huku."

Tulimwanzishia dawa, tukampeleka hospitali siku ile ile. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Amepona. Aliyemwokoa kwanza ni mwumishi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Wembe mmoja, mtu mmoja. Ukishatumika utumbukizwe chooni, kwenye shimo refu, watoto wasiuokote.

2. Pembe au kikombe kilichoingia damu kisitumike kwa mtu mwingine.

3. Mwumishi anawe mikono kwa sabuni. Ngozi ya mgonjwa nayo isafishwe kabla ya kuchanjwa.

4. Asipigwe chuku ya damu: mjamzito, mtoto mdogo, mwenye upungufu wa damu, mwenye selimundu, mwenye kisukari, wala anayemeza dawa za kuzuia damu isigande.

5. Maumivu ya mgongo pamoja na homa, kukonda, ganzi ya miguu, au kushindwa kuzuia mkojo na choo: nenda zahanati leo. Usingoje kesho.

6. Maumivu ya kifua pamoja na kuhema kwa shida si ya chuku. Ni ya hospitali.

7. Uliwahi kuchanjwa kwa wembe wa wengi? Usiogope. Nenda ukapime. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI hutolewa bure, na anayezimeza vizuri huishi miaka mingi.

8. Linda mgongo wako. Unapoinua gunia, piga magoti, usiinamishe kiuno. Tia mpini mrefu kwenye jembe. Usibebe ndoo kubwa kwa safari moja kama safari mbili zinawezekana.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Alama za chuku mgongoni si aibu. Njoo nazo, nasi tutakuuliza maumivu yalianza lini.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini yule mzee alipata nafuu siku mbili tu kila alipopigwa chuku?

2. Kwa nini damu ya ndani ya pembe huwa nyeusi?

3. Taja hali tatu ambazo mtu hafai kuchuliwa.

4. Katika kijiji chenu nani anapiga chuku? Chagueni watu wawili wanaoheshimika waende kuzungumza naye. Waende kwa adabu, na wapeleke pakiti moja ya nyembe mpya.