Kumsikiliza Yesu ukiwa Mudhaibi

Hapa Mudhaibi hakuna kanisa. Makanisa ya Oman yamejengwa kwenye viwanja vilivyotolewa enzi za Sultan Qaboos, nayo ni ya kuhesabu: Ruwi na Ghala kule Maskati, Sohar, na Salalah kusini kabisa. Ijumaa ndiyo siku ya ibada kubwa, maana Jumapili watu wako kazini. Kutoka kwetu hadi Ruwi ni zaidi ya kilomita 100. Muuguzi wa zamu za usiku akifika huko mara moja kwa mwezi, amejitahidi.

Kwa hiyo tuko wanne kwenye simu: mmoja Ibra, mmoja Sur, mmoja Nizwa, na mimi. Wote ni wauguzi kutoka Tanzania na Kenya, wote tumelelewa kanisani. Kila wiki tunasoma sura moja ya Injili ya Marko, kisha kila mtu anatuma ujumbe wa sauti usiozidi dakika 5. (Wa Sur hajawahi kuishika sheria hiyo hata siku moja.)

Tulipoanza, kilichotugusa ni mshangao wa watu. Sura ya kwanza tu, Yesu anafundisha katika sinagogi la Kapernaumu na wasikilizaji wanaduwaa. Sasa wewe uliyekariri Sala ya Bwana ukiwa na miaka 5, mara ya mwisho kuduwaa ilikuwa lini? Sura ya sita ina jibu lisilopendeza. Yesu anarudi kwao Nazareti na watu wanaulizana kama huyu si yule seremala, ambaye ndugu zake wako hapa hapa. Wanamjua mno. Hapo Yesu mwenyewe ndiye anayestaajabu, kwa jinsi wasivyoamini. Ukizipitia Injili zote nne, ni mara mbili tu zinasema Yesu alistaajabu kwa sababu ya watu: hapo Nazareti, na alipokutana na akida wa Kirumi aliyejiona hastahili kumkaribisha nyumbani kwake. Waliomzoea walimshangaza kwa kukosa imani, mgeni akamshangaza kwa kuwa nayo.

Ninaishi katikati ya watu wanaomtaja Isa bin Maryam kwa heshima kuliko baadhi yetu tunaoapa kwa jina lake barabarani. Sura ya 19 ya Qurani ina jina la mama yake. Tunatofautiana, tena kwa mambo makubwa: Waislamu hawamwiti Mwana wa Mungu, wala hawakubali kwamba alisulubiwa. Sheria ya hapa hairuhusu kuwahubiria Waislamu. Hata ingeruhusu, mimi nisingemhubiria mgonjwa aliyelala kitandani. Hana pa kukimbilia.

Mafundisho haya yaliwahi kusomwa Oman mbele ya watoto wa Afrika. Mwaka 1896 wavulana 18 waliookolewa kutoka jahazi la watumwa walikabidhiwa kwa mmisionari Mmarekani, Peter Zwemer, akawafungulia shule Maskati. Alifariki miaka miwili baadaye. Nikijaribu kufikiria fundisho la kumpenda adui likisomwa kwa mtoto aliyenyakuliwa kwa mama yake, nanyamaza. Baadaye misheni hiyo hiyo iliendesha hospitali ya Rahma kule Matrah, wakati hospitali za nchi nzima zilikuwa hazijai vidole vya mkono. Wazee wa hapa bado wanaitaja.

Kazi yangu kubwa ni miguu ya wagonjwa wa kisukari. Nilianza na stashahada nyumbani, shahada nikaisoma ng'ambo, na kwa elimu yote hiyo nakaa kwenye kigoda naosha miguu ya watu. Maji ya vuguvugu, unayapima kwa kiwiko, kwa sababu mgonjwa aliyekufa ganzi anaweza kuungua asijue. Unakausha katikati ya vidole, hapo hupaki mafuta. Unamgusa nyayo kwa kiuzi cha nailoni huku amefumba macho, aseme kama anakisikia. Kidonda cha ukubwa wa punje ya mtama kikipuuzwa, mguu unaweza kukatwa.

Kuna bibi mmoja aliyezaliwa Unguja, familia yake ikaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Nikimwambia shikamoo anaitikia marahaba kwa sauti ya Mji Mkongwe kabisa. Siku ya kwanza aliuvuta mguu. "Mwanangu, mimi si wa kuoshwa miguu na mtoto wa watu." Nikamkumbuka Petro, aliyekataa katakata Yesu asimwoshe. Siku zote nilidhani somo la usiku ule ni kwa yule anayeosha. Kumbe aliyekalishwa kitini naye ana kazi, pengine ngumu zaidi. Sisi tunaotuma pesa nyumbani tungeulizwa tulipokea nini mara ya mwisho bila kuona haya.

Siku nyingine nilimuuliza kuhusu nyumba yao waliyoiacha. Akasema anawaombea dua wanaoishi humo, watoto wao wale maembe ya ule mwembe wa uani. Alisema hivyo huku akiangalia kama nimemaliza kukausha vidole.

Mimi nina wakala wangu. Miaka 7 iliyopita alikula akiba ya mama yangu kwa mkataba ambao haukuwepo. Juzi mama amenipigia: yule wakala figo zimefeli, kanisani wanachangisha, na yeye ameshatoa. Nikauliza kwa nini. Akanijibu kwamba hakunipigia simu kuomba ruhusa.

Niliwatumia wenzangu ujumbe wa sauti wa dakika 9. Wa Nizwa akanikumbusha Mathayo 18, sabini mara saba, ambayo ni 490. Wa Ibra akasema kusamehe deni si lazima uongeze deni jingine juu yake. Siku tatu baadaye nikatuma riali 20 kupitia mama, nikamwomba asitaje jina langu. Wa Ibra anasema kuficha jina ni kiburi. Wa Nizwa anasema ndio unyenyekevu wenyewe. Wa Sur hajasema lolote bado, na wiki hii ndiye anayeongoza sura ya saba.