Tangi la Maji Machafu Likipasuka, Gundi Haisaidii

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Leo twende nyuma ya bafu, kwenye lile tangi la plastiki linalopokea maji ya kuogea na ya kuoshea vyombo. Likiwa zima hulikumbuki. Likipata ufa, maji yanafuata mteremko, na mteremko unaishia mlangoni kwa mtu.

Kwetu uliishia kwa mama mmoja jirani. Mwanzoni alitueleza kwa upole. Baadaye akaacha kuitikia salamu zetu, na sikumlaumu. Watoto wake walikuwa wakicheza pekupeku kwenye lile tope, na jioni mbu wanajaa ndani. Sisi vijana tukachanga pesa, tukanunua gundi ile ya mirija miwili ya kuchanganya. Nilipaka mimi mwenyewe. Ilikauka ikawa ngumu kama jiwe, nikajisifu. Siku ya tatu ikabanduka yote kama gamba la kidonda.

Gundi haikuwa mbovu. Matangi mengi haya yametengenezwa kwa polithini, plastiki ya jamii moja na dumu la mafuta ya kupikia, ambalo wengine wetu tunaliita bidoni. Uso wake unateleza kama nta, gundi inakaa juu tu. Tena tangi likijaa linatanuka kidogo, likipungua linarudi. Gundi ngumu haifuati mwendo huo. Kinachoshika polithini ni polithini yenyewe ikiyeyushwa.

Kwa hiyo tafuta kwanza kiraka. Kilicho bora ni kipande cha tangi la aina ileile lililokwisha kufa. Ukikosa, tumia dumu lenye namba 2 ndani ya pembetatu chini yake. Kata kipande kidogo, kizamishe majini: polithini huelea. Kikizama, kiache. Huenda ni plastiki ya mabomba, na moshi wake ni sumu kwa mapafu. Ndoo yenye namba 5 nayo huelea, lakini haishikamani vizuri na polithini.

Kisha mwaga maji yote mbali na nyumba, kwenye shimo. Osha tangi kwa sabuni na uliache wazi, bila kifuniko, siku nzima. Usiruke hatua hii. Maji machafu yakikaa ndani ya chombo kilichofungwa hutoa hewa inayoweza kuwaka, na nyingine inaweza kumwangusha mtu akazimia. Usiingize kichwa, wala usimtume mtoto aingie kwa sababu ni mwembamba. Ziba kwa nje. Na kama tangi ni la choo, usiliguse, waite wahudumu wa maji na usafi.

Sasa kazi yenyewe. Pasha msumari kwenye makaa, toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa, la sivyo ufa utaendelea kutembea hata baada ya kuzibwa. Kwa kisu, chonga kingo za ufa ziwe kama mfereji, kisha kwaruza pembeni mpaka ung'ao uishe. Pakauke kabisa.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunawasha kipande cha dumu kama mshumaa, tunadondosha matone juu ya ufa. Yale matone yanaangukia plastiki baridi, yanalala tu. Unatakiwa kuyeyusha pande mbili kwa pamoja: bapa la kisu cha moto likandamize kiraka na ukuta wa tangi mpaka vyote vilainike na kuchanganyika. Moshi ukitoka, kisu kimezidi moto, ngoja kidogo. Nenda sentimita chache chache, ukiwa nje penye upepo, watoto wakiwa mbali. Ufa mrefu utie wavu mwembamba wa waya, uzame, halafu uufunike wote kwa plastiki nyingine. Acha vipoe vyenyewe, usimwagie maji.

Jaribu kwa maji robo tangi, ulale nayo. Pakiwa pakavu asubuhi, jaza.

Angalia pia kilicholipasua. Letu lilikuwa limekalia jiwe, na uzito wote ulikuwa unabonyea mahali pamoja. Tulisawazisha udongo, tukatandaza mchanga. Kwingine ni bomba linaloning'inia bila kuegemezwa, likivuta mdomo wa tangi kila siku.

Swali moja limeletwa hapa studio: je, likishazibwa linaweza kuwekwa maji ya kunywa? Hapana, hata ukiliosha mara kumi. Libaki na kazi yake.

Yule mama sasa ameweka mche wa mpapai pale palipokuwa na tope. Tusikie wimbo, kisha tunarudi na matangazo ya mgao.

(Muziki.)